Waya wa hedifoni umekatikia kwenye pini, risasi inagoma kushika

Sikio_Moja

Habari zenu wakuu,

Nina hedifoni kubwa za kufunika masikio, zile ambazo waya wake hauchomoki. Spika zake bado ni nzima na sipo tayari kuzitupa. Tatizo lilianza taratibu: upande wa kulia unakata, nikikunja waya pale karibu na pini unarudi. Baadaye ikaja ya kushangaza zaidi, mwimbaji akawa anapotea. Sauti kwa jumla ipo, ila yeye haonekani, na besi inaondoka naye. Vinabaki vyombo vya pembeni na mwangwi mwangwi kama bendi iko kisimani. Nikigusa waya, mwimbaji anarudi.

Nimenunua pini mpya ya kulehemu ya milimita 3.5, yenye kofia ya chuma. Nimekata ile ya zamani, nimechuna ganda, ndani nimekuta nyuzi nyembamba mno: nyekundu, za kijani na za rangi ya shaba, zimechanganyika na nyuzi nyeupe za kitambaa. Hakuna ganda la plastiki kwa kila waya kama nilivyozoea kwenye nyaya za redio. Sasa risasi haishiki kabisa. Inajikusanya inakuwa tone, halafu inadondoka mezani.

Naomba kujua risasi inagoma kwa nini, rangi ipi inakwenda wapi, na kama ni kweli kwamba nikibadilisha waya wote nikaweka wa fedha muziki utakuwa mtamu zaidi. Natanguliza shukrani.

DJ_Kimya

Mkuu hiyo kazi ndogo. Kwaruza na wembe mpaka shaba ing'ae, nyonga kila rangi kwenye ulimi wake (kile kibati cha kulehemia ndani ya pini), piga selotepu, twende kazi. Mimi zangu zinadunda mwaka mzima.

Babu_Nyaya

Kimya, zako zinadunda kwa sababu huzitoi mezani. Selotepu ikipata joto la mwili gundi yake inalainika, waya unateleza, na rangi zilizonyongwa bila kulehemiwa zinaanza kukwaruza sikioni kila mtu anapogeuza shingo.

Sikio_Moja, pole kwa hedifoni, na hongera kwa kueleza dalili vizuri. Wengi huja hapa wakaandika "haifanyi kazi" wakaondoka.

Nianze na risasi. Hizo rangi unazoziona ni vanishi. Kila uzi mmoja mmoja wa shaba umepakwa vanishi yake, na hiyo ndiyo ganda la kuzuia shoti. Ndiyo maana nyekundu na kijani zinalala ubavu kwa ubavu bila plastiki katikati na bado hazigombani. Hata ile ya rangi ya shaba usidhani iko uchi. Mara nyingi nayo imepakwa, ila vanishi yake haina rangi. Risasi haishiki vanishi hata ungemwaga fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, kopo zima. Zile nyuzi nyeupe ni za kubeba mvuto ili shaba isikatike ukivuta waya, nazo hazilehemiki. Zikusanye pembeni, usizikate bado, zina kazi mbele ya safari.

Wembe usiutumie. Uzi mwembamba kiasi hicho wembe unaukata nusu bila wewe kuona, kisha wiki mbili mbele unarudi hapa na swali lilelile. Vanishi ya nyaya za hedifoni kwa kawaida ni ya aina inayoyeyuka kwa joto la kulehemu, basi ichome kwa risasi yenyewe. Pandisha chuma cha kulehemu hadi nyuzijoto 380 au 400, juu kidogo ya kawaida. Futa ncha yake kwenye sponji yenye unyevu, kisha weka juu yake tone nono la risasi mbichi yenye fluksi ndani. Nyonga nyuzi za rangi moja pamoja, chovya ncha yake ndani ya tone, tulia. Kwanza hakitokei kitu. Baada ya sekunde chache utaona moshi mwembamba, kisha ukoko mweusi unaelea pembeni ya tone, na ghafla risasi inapanda yenyewe kwenye waya na kuufanya uwe wa fedha inayong'aa. Hapo vanishi imekwisha. Sogeza waya taratibu ndani ya tone mpaka upate milimita tatu hivi zilizong'aa, kata kile kipande cha mwisho kilichoungua, futa ncha ya chuma, hamia rangi nyingine. Fungua dirisha na usiinamie ule moshi. Ule ni moshi wa vanishi kuungua na una sumu, si harufu ya kawaida ya fluksi.

Wengine hutumia kiberiti cha gesi. Kinafanya kazi, lakini kinaunguza nyuzi za kitambaa na kuacha shaba nyeusi ambayo lazima uipitishie msasa laini kabla ya kulehemu. Mimi nakitumia pale tu ambapo tone limeshindwa.

Fluksi iwe ya umeme, ile inayotokana na utomvu wa msonobari. Ya mafundi bomba ina asidi. Itashika vizuri leo, kisha itaila shaba polepole ndani ya kofia usipoiona. Risasi ya 60/40 au 63/37 (bati kwa madini ya risasi) ndiyo rahisi kwa anayeanza, kwa kuwa inayeyuka kuanzia nyuzijoto 183. Isiyo na madini ya risasi ndani yake inataka zaidi ya 217 na inachelewa kutiririka. Ukitumia ile ya kwanza, nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Sasa mwimbaji wako. Hiyo ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ina jibu moja. Ethi imekatika. Waya wa ethi ndio njia ya kurudi kwa spika zote mbili. Ukikatika, umeme hauna pa kurudi, unaingia spika ya kushoto na kutokea ya kulia. Spika zinakuwa zimepangwa mfululizo, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Chochote kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili kinafutika, na mwimbaji, besi na ngoma ya mguu karibu siku zote huwekwa katikati. Kwa hiyo wewe ulikuwa na mikatiko miwili mahali pamoja: uzi wa kulia na uzi wa ethi. Kata sentimita tatu au nne nyuma ya pale palipokuwa pamekunjika, usionee waya huruma. Shaba iliyochoka haionekani kwa macho mpaka ikatike.

Rangi usiniulize mimi, iulize mita. Mazoea ni nyekundu kulia, kijani au bluu kushoto, shaba ethi, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda. Ukishazing'arisha ncha zote tatu, weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, upime kwa jozi. Jozi mbili zitasoma karibu sawa, tuseme 32 kila moja. Jozi ya tatu itasoma maradufu, karibu 64. Ile jozi ya maradufu ndiyo kushoto na kulia, maana umepima spika mbili kwa mpigo. Waya uliobaki nje ya jozi hiyo ni ethi. Kisha vaa hedifoni, shika ethi kwa ncha moja ya mita, gusa gusa waya mwingine. Utasikia kliki ndogo. Sikio litakalolia ndilo lenye waya huo.

Kwenye pini, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na mwili mrefu ni ethi. Ukifungua kofia, ulimi mrefu wenye mabawa mawili ni wa mwili. Zile ndimi mbili fupi zithibitishe kwa mita ikiwa kwenye alama ya mlio, mlio ukipiga kati ya ulimi na ncha umeupata wa kushoto.

Ukifika hapo niambie umesoma nini kabla hujalehemu.

Sikio_Moja

Babu, nimeduwaa. Tone limefanya kazi vilevile ulivyosema, ule ukoko mweusi nimeuona kabisa.

Vipimo: kijani na shaba 33, nyekundu na shaba 33, nyekundu na kijani 66. Kwa hiyo shaba ni ethi. Lakini kliki ya kijani imelia sikio la kulia, na nyekundu kushoto. Nimeangalia herufi za L na R kwenye hedifoni, nimezivaa sawa. Nifuate lipi?

Babu_Nyaya

Fuata sikio. Kijani iende kwenye pete, nyekundu iende kwenye ncha. Ungefuata rangi, muziki ungepiga vizuri tu ila wapiga gitaa wangehama upande, na kwenye filamu gari lingepita likielekea kusiko.

Kabla ya kugusa chuma, pitisha kwenye waya, kwa mpangilio huu: kofia, kisha springi ya mkia kama ipo, kisha kipande cha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, kisha ule mrija mwembamba wa ndani uliokuja na pini. Vyote vielekee upande sahihi. Hakuna kinachotia uchungu kuliko kulehemu nyaya tatu safi kabisa halafu ukaiona kofia imelala mezani.

Kama una tundu bovu la redio au kebo ya kurefushia isiyotumika, chomeka pini mpya humo wakati wa kulehemu. Kuna sababu mbili. Tundu linaishika pini isikimbie, na linanyonya joto. Kati ya ncha, pete na mwili kuna plastiki inayovitenganisha. Ukikaa na chuma muda mrefu inalainika, ncha inapinda kidogo, na pini inakuwa ngumu kuingia au inapiga shoti ndani. Ikiwa ndani ya tundu inabaki imenyooka.

Paka risasi kidogo kwenye ulimi kwanza. Waya tayari unayo. Rudisha chuma kwenye 350, vikutanishe, gusa sekunde moja au mbili, toa chuma, na usitikise mkono mpaka risasi igande. Kiungo kizuri kinang'aa na kingo zake zinajilaza kwenye ulimi. Kikiwa kimejivimbisha juu bila kujilaza, au kimechakaa kwa kijivu kwa sababu mkono ulicheza, kirudie. Anza na ethi, ina ulimi mkubwa na inataka joto zaidi, halafu pete, ncha iwe ya mwisho.

Zile nyuzi nyeupe ulizozikusanya, zifunge fundo kuzunguka ulimi mrefu, chini ya mabawa. Kisha bana mabawa juu ya ganda la waya, yasiguse shaba. Lengo ni kwamba ukivuta hedifoni kwa bahati mbaya, mvuto uishie kwenye ganda na kitambaa, usiifikie risasi. Hilo ndilo watengenezaji wa pini rahisi hulipuuza.

Na usiiache risasi ipande mbali ndani ya waya. Mahali risasi inapoishia ndipo waya mlaini unapokutana na waya mgumu, na ndipo utakapokatikia. Milimita tatu zinatosha. Supaglu pia sitaki kuisikia. Inapenya kwenye nyuzi na kuzikausha mpaka zinakatika kama ni za glasi. Ukitaka kujaza nafasi ndani ya kofia, tumia gundi ya moto kidogo, hiyo unaweza kuiondoa siku utakapofungua tena.

Mrija unaosinyaa uache utokeze nje ya kofia sentimita mbili hivi, upashe kwa mbali na uuzungushe. Ukisogeza kiberiti karibu mno unababua ganda la waya.

Kabla ya kufunga kofia pima tena. Ncha na mwili 33, pete na mwili 33, ncha na pete 66. Ukiona sifuri mahali, kuna uzi mmoja umetoroka unagusa jirani.

Mwanakwaya

Shikamoo Babu. Naomba nidandie hapa, yangu ni earphone za simu zenye maiki na kitufe. Sauti ni nzuri, lakini muziki unajisimamisha wenyewe, unajiendeleza wenyewe, wakati mwingine simu inaanza kuniuliza inisaidie nini wakati sijaigusa. Inatokea zaidi nikiwa natembea. Hii nayo ni waya au ni simu?

Babu_Nyaya

Marahaba binti yangu. Karibu kila mara ni waya, lakini anza na tundu la simu kwa sababu ni bure. Uchafu wa mfukoni hujikandamiza chini kabisa ya tundu mpaka pini haifiki mwisho. Ukichomeka husikii ule mguso wa mwisho, na pini inacheza. Zima simu, utoe uchafu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano ya chuma hapana, utapindisha vishikio vya ndani.

Ikiwa tundu ni safi, basi ni hivi. Pini yako ina sehemu nne badala ya tatu: ncha kushoto, pete ya kwanza kulia, pete ya pili ethi, mwili ni maiki. Kitufe cha kusimamisha muziki hakitumi ujumbe wowote wa ajabu, kinaunganisha tu waya wa maiki na ethi. Simu ikiona hivyo vimegusana inasema "amebonyeza". Ukishikilia muda mrefu inasema anataka msaidizi wa sauti. Sasa nyuzi za maiki na ethi zikichubuka vanishi pale kwenye mkunjo zinagusana kila unapopiga hatua, na simu inaamini kidole chako kiko kazini. Jasho likiingia kwenye kijumba cha kitufe linafanya vilevile.

Kwa hiyo shika waya karibu na pini, ukunje taratibu muziki ukipiga. Ukijisimamisha hapo, kata na ubadilishe pini, ukinunua yenye pete mbili. Ukijisimamisha ukikandamiza kijumba cha kitufe, kifungue kwa kucha au kisu butu, usafishe ndani kwa alkoholi ya kusafishia vifaa, uache kikauke kabisa.

Na kwa kuwa mtu atauliza: kuna earphone, hasa za zamani, ambazo maiki na ethi zimebadilishana nafasi, pete ya pili ni maiki na mwili ni ethi. Ukizichomeka kwenye simu ya sasa mwimbaji anapotea kama alivyompotea mwenzetu hapo juu, ila ukishikilia kitufe anarudi. Hizo hazijaharibika. Badilisha nyaya mbili kwenye pini na zinakuwa nzima.

Mwanakwaya

Babu nimekunja waya, umejisimamisha palepale kwenye pini. Asante sana, naenda kutafuta pini ya pete mbili.

Sumaku

Tumemsahau mwenzetu na swali lake la waya wa fedha. Mkuu, mimi nilikuwa na waya wa shaba wa kawaida, nikaweka waya wa fedha uliosukwa nyuzi nane. Tofauti ni mbingu na ardhi, sauti za juu zimefunguka kabisa. Babu najua utapinga, lakini masikio yangu ndiyo shahidi.

Babu_Nyaya

Sumaku ndugu yangu, sikupingi masikio, nakupa hesabu tu, nawe utaamua.

Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa karibu asilimia 6. Basi, faida yake kwenye ukinzani ni hiyo. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.14, unaotosha kabisa kwa hedifoni. Mita moja ina ukinzani wa karibu omu 0.12. Kebo ya mita 1.5, kwenda na kurudi, ni omu 0.37. Hedifoni ya omu 32 ikiunganishwa hapo inapoteza sauti kiasi cha desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sasa weka fedha yenye unene uleule: inapoteza 0.094. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki sehemu moja ya mia ya desibeli. Hakuna sikio la binadamu hapo, na mbwa pia simwekei dhamana.

Lakini sikwambii umeota. Waya wako wa zamani inawezekana ulikuwa na kitu kibovu: pini iliyoshika kutu, kiungo kilichochoka, au ethi moja nyembamba inayobeba pande zote mbili. Hiyo ya mwisho ina athari unayoweza kuipima. Kushoto na kulia zikirudi kwa waya mmoja mwembamba, kiasi fulani cha sauti ya kushoto kinavujia kulia. Ethi ya pamoja yenye nusu omu kwenye hedifoni ya omu 32 inavujisha kwa kiwango cha desibeli 36 hivi chini ya sauti yenyewe. Ulipoweka kebo iliyosukwa, kila upande ukapata waya wake wa kurudia mpaka kwenye pini. Ungefanya hivyohivyo kwa shaba, ungepata hichohicho.

Kuna pahali pamoja pa kuwa mwangalifu. Earphone zenye spika ndogo nyingi ndani ya kila upande, ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na mlio, na mahali pengine hushuka hadi omu chache. Kwa hizo waya mwembamba mno unaweza kubadilisha uwiano wa besi na sauti za juu. Tiba yake ni waya mnene kidogo, bado shaba.

Sumaku

Sawa Babu, hesabu nimeiona. Fedha yangu siitoi lakini, imeshanunuliwa.

Babu_Nyaya

Usiitoe, ni waya mzuri na hauna dhambi.

Sikio_Moja

Wakuu, imefungwa. 33, 33, 66, na nimevuta waya kwa nguvu kidogo haukucheza. Mwimbaji kakaa katikati.

Sasa nimeonja utamu. Nina hedifoni nyingine ambazo waya wake unachomoka, kila sikio na tundu lake. Nataka kuzitengenezea kebo mpya kutoka mwanzo. Ninunue waya gani? Nina mabaki ya kebo ya maiki ya jukwaani, inafaa?

Babu_Nyaya

Inafaa kwa umeme, haifai kwa shingo. Kebo ya maiki ina wavu wa kinga kuzunguka nyaya zake kwa sababu maiki hutoa umeme kidogo sana, kelele yoyote ya nje inasikika ikishakuzwa. Hedifoni haihitaji kinga hiyo. Umeme unaopita hapo ni mkubwa na haukuzwi tena. Ukiweka kebo ya maiki unapata uzito na ugumu, na kila inapogusa nguo unasikia mkwaruzo masikioni. Ile ya nyaya nne ndani, nyembamba, unaweza kuitumia kwa hedifoni ya kukaa nayo mezani, ukatumia nyaya nne na kuuacha wavu bila kuunganishwa. Kwa kutembea nayo, hapana.

Nunua waya mlaini wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani na ganda la silikoni au plastiki laini, rangi mbili au nne tofauti ili usichanganyikiwe. Kata vipande vinne vyenye urefu sawa, ongeza robo ya urefu unaoutaka kwa sababu kusuka kunakula waya. Funga ncha nne pamoja kwenye kitu kisichosogea. Sukia hivi: waya wa nje kabisa kulia upite nyuma ya mbili, urudi mbele juu ya mmoja, kisha wa nje kabisa kushoto ufanye vivyo hivyo. Rudia huku ukivuta kwa nguvu ileile. Ukivuta zaidi upande mmoja kebo inajipinda yenyewe na hailali tena.

Ukifika pale inapogawanyika kuelekea masikioni, weka mrija unaosinyaa wenye gundi ndani, kisha endelea na jozi mbili mbili zilizonyongwa. Hapo panachanika mapema, usipabanie. Kwa nje ukitaka ganda la kitambaa, chukua kamba ya nailoni ya parashuti, vuta nyuzi za ndani zote utoe, ganda lake linabaki bomba laini linalopita juu ya kebo. Ncha zake zichome kidogo zisifumuke.

Kila sikio lina nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi. Angalia usizigeuze upande mmoja. Ukigeuza, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inakonda na mwimbaji anakosa mahali pa kukaa. Mita haitakuonyesha hilo kwa kupima omu, maana namba zinabaki sawa; fuatilia mlio wa waya mmoja mmoja kutoka pini hadi tundu.

DJ_Kimya

Babu, mimi nina amplifaya yenye tundu lile nene la milimita 4.4. Si naweza kutengeneza adapta tu, upande mmoja pini ya 4.4, upande mwingine tundu la 3.5, nikatumia hedifoni zangu zilezile za selotepu?

Babu_Nyaya

Hapo nakuzuia kwa mikono miwili. Kwenye tundu la 4.4 kila upande una nyaya zake mbili zenye umeme: ncha ni kushoto chanya, pete ya kwanza kushoto hasi, ya pili kulia chanya, ya tatu kulia hasi, na mwili ni ethi. Hasi za pale si ethi, amplifaya inazisukuma zenyewe. Hedifoni zako zimeunganisha kushoto hasi na kulia hasi kuwa waya mmoja. Ukipitisha kwenye adapta hiyo unakuwa umezigonganisha sehemu mbili za amplifaya, na kuna amplifaya zinazokufa kwa hilo.

Kinyume chake hakina shida. Hedifoni yenye nyaya nne na pini ya 4.4 ukiiwekea adapta ya kuingia tundu la kawaida la 3.5, unaunganisha hasi zote mbili kwenye mwili na inapiga salama. Kwa hiyo Sikio_Moja, kama unadhani siku moja utapata amplifaya ya aina hiyo, malizia kebo yako kwa pini ya 4.4, halafu tengeneza adapta fupi ya kushuka kwenda 3.5. Na wewe Kimya, zako zina nyaya tatu au nne zinazotoka kwenye spika? Fungua sikio moja utazame, kama ziko nne tunaweza kuzibadilisha.